Okidi Iliyoshiba Maji

6 Machi

Nimehamia kwa Baba leo, kwa muda. Mvua ya kwanza ya msimu iliziacha ngazi za ghorofa zimelowa, naye juzi akateleza na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wamemfunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Daktari amesema wiki sita, na mzee wa miaka sabini na mitatu hawezi kukaa peke yake wiki sita na mkono mmoja. Baba amesema anaweza. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuamua. Nilifika tu na masanduku yangu.

Nimekuja na kazi. Mimi hujalidi vitabu, na safari hii nina rejesta kumi na moja za ndoa zilizolegea migongo. Gundi, nyuzi, visu na mbao za kukandamizia sasa viko kwenye meza ya chakula. Baba aliviangalia akasema nyumba imegeuzwa karakana. Hakusema kama mtu aliyechukia.

Daftari hili nimelishona mwenyewe kwa mabaki ya karatasi. Daktari alitaka niandike dawa na maumivu kila siku. Nitaandika hayo na mengine pia, maana nyumba hii imekuwa kimya mno tangu Mama afariki, mwezi wa tano huu, na mtu asipoandika ataanza kuzungumza na sufuria.

7 Machi

Mvua tangu asubuhi. Dawa mara mbili. Amekula nusu sahani.

8 Machi

Okidi ya Mama ipo palepale, dirishani jikoni. Wenzake wa chumba cha simu hospitalini walimpa siku alipostaafu, na kila mwaka ilimtolea maua meupe yenye koo jekundu. Mama alikuwa akisema ndiyo pekee katika nyumba hii inayovaa vizuri bila kuhimizwa. Sasa haina ua hata moja. Ina majani matano. Matatu ya njano, mawili yamenywea kama vidole vya mtu aliyefua kutwa.

Pembeni ya dirisha Baba amebandika kadi. Alikuwa fundi wa lifti miaka thelathini na minne, na kila chumba cha mtambo kilikuwa na kadi kama hiyo: tarehe, kazi iliyofanyika, sahihi. Hii imeandikwa juu, "Maji, asubuhi na jioni." Sahihi zake zimepangana tangu Oktoba bila kuruka siku. Tangu alipovunjika anasaini kwa mkono wa kushoto, na zimekuwa kama kuku aliyepita kwenye unga.

Alijaza kikombe akamimina chote. Kisahani kikafurika. Nilimwambia taratibu kwamba naona kama imeshiba. Akanijibu kwamba Mama alimwomba jambo moja tu, asilisahau ua lake, na yeye hajalisahau.

Mtu hawezi kubishana na marehemu.

11 Machi

Jani moja limeanguka lenyewe. Nililiokota, shina lake lilikuwa laini kama ndizi iliyopitiliza, na chungu kina harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Baba aliliangalia lile jani kwa muda mrefu. Kisha akaongeza mstari kwenye kadi: mchana pia.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, tazama majani yalivyonywea, ina kiu hiyo.

12 Machi

Rejesta ya pili imekauka vizuri, mvua na yote. Baba ameumwa na kichwa. Chai nusu kikombe.

14 Machi

Nilipeleka lile jani kwa mwanamke anayeuza miche nyuma ya kituo cha mafuta. Watu humwita Mama Vyungu. Anakaa chini ya turubai, miguu ndani ya viatu vya mpira, na hazungumzi na mteja mpaka amalize anachokifanya. Alilishika jani, akalinusa, akaniuliza nani anainywesha.

"Baba yangu. Mara tatu kwa siku."

"Okidi si mchicha, mwanangu. Huko kwao inashika juu ya miti, mizizi iko hewani. Mvua inapiga, upepo unakausha. Mmeitia kwenye chungu, mmeizamisha. Mizizi imeoza."

Nikamwambia majani yanaonekana yana kiu. Akasema kiu ni ya kweli kabisa. Mzizi uliooza haunywi, kwa hiyo jani linakauka huku chungu kimejaa maji, na mwenye huruma akiona hivyo anazidi kumimina. Akasema wengi wanaokuja kwake wakilia okidi zao zimekufa ni watu wema.

Alinipa mfuko wa magome ya mti yaliyokatwa vipande, mkaa kidogo, na kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye matundu pande zote. Akanifundisha hatua kwa hatua, akanirudisha nyuma kila nilipokosea, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mwisho akasema, mwambie baba yako. Usifanye kwa kificho, maana kesho utaondoka, naye ataendelea na kikombe chake.

Nilisikia. Sikuwa na ujasiri.

15 Machi

Nimefanya kwa kificho.

Leo Baba alipelekwa kliniki kuangaliwa plasta, na jirani wa chini, fundi rangi, alikubali kumchukua na gari lake. Walipotoka tu nikafunika meza kwa magazeti. Niliichomoa okidi kwenye chungu na maji yakanichirizika mpaka kwenye kiwiko. Udongo uliokuwamo ulikuwa mweusi, mzito. Niliosha mizizi kwa maji ya vuguvugu, nikaibonyeza mmoja mmoja kama nilivyoelekezwa. Ulio hai ni mgumu. Uliokufa unabonyea, ganda linachomoka na kukuachia uzi mkononi. Nilihesabu mizizi kumi na tisa. Kumi na sita ilikuwa imekufa.

Nilipitisha kisu changu cha kazini kwenye moto, nikakata kila kilichooza mpaka kwenye nyama nyeupe. Nikapaka mdalasini wa unga kwenye makovu ili kuvu isiingie. Ilibaki mizizi mitatu, mmoja mrefu kama kalamu, miwili kama vidole vya mtoto, na majani mawili. Iliyobaki yote ilikuwa rundo juu ya gazeti.

Mlango ukafunguliwa. Kliniki haikuwa na foleni.

Baba alisimama akatazama lile rundo. Aliniuliza nimefanya nini, kwa sauti ndogo. Nikaanza kueleza, na kadiri alivyokuwa kimya ndivyo nilivyoeleza vibaya. Akasema kila siku ameihudumia, hajakosa hata siku moja, kadi ipo ukutani. Hapo uvumilivu ukanitoka.

"Ndiyo, Baba. Na hayo maji ndiyo yaliyoiua. Umeiua kwa maji."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika namna ile. Alivua kofia yake, akaiweka mezani juu ya magazeti yaliyolowa, akaenda chumbani na kufunga mlango.

Nimeipanda okidi kwenye magome. Nimeiweka mbali na jua kali. Haitakiwi kupewa maji siku tano. Ninaandika haya mkono ukinuka mdalasini, na sijui nimesema nini hasa.

16 Machi

Hakutoka mpaka saa nne. Alikula mkate kidogo, akarudi kulala. Kadi ameibandua.

17 Machi

Mvua. Kimya.

18 Machi

Nilimwomba radhi mlangoni. Akasema hakuna tatizo, mama. Ananiita mama tangu nilipokuwa mdogo, lakini leo aliliweka neno hilo kama mtu anayefunga bahasha.

20 Machi

Siku tano zimetimia. Nilizamisha kopo kwenye beseni dakika kumi, nikalitoa, nikaacha lichuruzike mpaka tone la mwisho. Mizizi mitatu iligeuka kijani mbele ya macho yangu, kutoka rangi ya majivu. Nilimwita Baba aje aone. Hakuja.

22 Machi

Leo amesema. Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa, kwa sababu nikiacha mpaka kesho nitaanza kuipamba au kuipunguza.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Nilikuwa nashona mgongo wa rejesta ya tano. Baba alikuja akakaa mbele yangu na kuweka ile plasta mezani kama kitu kisicho chake. Akaniomba nisisimame, niendelee kushona tu. Nikaendelea kushona.

Lazima nieleze jambo. Moyo wa Mama ulikuwa umechoka. Haukuweza kusukuma, na maji yalikuwa yakimjaa miguuni na mapafuni. Daktari alitupa sharti: lita moja kwa siku, chai na mchuzi vikiwa ndani yake, tone lisizidi. Miezi mitatu ya mwisho alikuwa hapa nyumbani. Mimi nilikuwa nashinda naye asubuhi mpaka saa nane, kisha naenda kazini, na Baba anachukua zamu. Mimi ndiye niliyekuwa napima. Nilikuwa na kikombe chenye alama na karatasi kwenye friji, na niliandika mpaka vijiko.

Baba akasema Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, nilipokwisha kuondoka, Mama alimwomba maji. Alimkatalia. Jumanne akamwomba tena. Baba akasema ulimi wa Mama ulikuwa umepasuka kama udongo wa kiangazi, na alipozungumza ulitoa sauti ya karatasi.

"Nikampa glasi nzima," Baba akasema. "Maji baridi. Alikunywa kwa mikono miwili. Jumatano nikampa. Alhamisi nikampa, na Ijumaa. Jumamosi asubuhi ukampigia simu daktari kwamba anashindwa kupumua."

Jumamosi ile, kabla ya saa sita mchana, Mama alifariki.

Nilikuwa nimeacha kushona. Sindano ilikuwa imesimama katikati ya karatasi.

"Kwa hiyo uliposema nimeiua kwa maji," akasema, "sikujua unazungumza habari ya ua."

Akanyanyuka akaenda kusimama dirishani.

23 Machi

Sitaficha kitu kwenye daftari langu mwenyewe. Leo nimemchukia Baba. Nilimfungia vifungo vya shati, nikamkatia nyama vipande vidogo, na muda wote huo nilikuwa nikiiona karatasi yangu kwenye friji. Miezi mitatu ya vijiko. Niliacha kulala, nikawa mkali, mpaka shangazi zake Mama wakaniita askari. Na kila alasiri ya wiki ile mlango ulipofungwa nyuma yangu, kuna glasi ilikuwa ikijazwa.

24 Machi

Rejesta ya sita nimeikata vibaya. Haijawahi kunitokea.

25 Machi

Okidi ipo. Haifi, haiponi. Mvua.

27 Machi

Leo nilimpeleka mwenyewe kwenye picha ya mkono. Mfupa unaunga polepole, wameongeza wiki mbili. Alipokuwa ndani nilimwona muuguzi wa wodi ya moyo akipita, yule mrefu aliyekuwa akimsuka Mama nywele kila alipolazwa. Alinikumbatia. Nikamvuta pembeni na kumuuliza, bila kutaja mtu, kama mgonjwa wa namna ile akipewa glasi nne zilizozidi kwa siku nne, ndizo zinazomuua.

Alinitazama. Nadhani alijua. Akaniambia Mama alikwisha kufika mwisho, na sisi wote tulijua isipokuwa tulikuwa hatutamki. Glasi zile huenda zilipunguza siku, huenda hazikupunguza kitu.

"Atakayekwambia anajua kwa hakika, dada, anakudanganya," akasema. "Mama yako aliniomba mimi pia, si mara moja. Nilimnyima kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nikifika nyumbani nilikuwa nashindwa kunywa chai."

Njiani kurudi Baba aliangalia nje ya dirisha la gari, nami nikakumbuka jambo ambalo nimekuwa nikilikanyaga miezi mitano ili lisiinuke. Mama aliniomba mimi pia. Ijumaa ile, saa nne asubuhi. Hakusema naomba maji, alisema, "Mama, kidogo tu," kama mimi ndiye niliyemzaa yeye. Nilichovya pamba nikampitishia kwenye midomo. Akaifyonza ile pamba. Nilipoichukua aligeuza uso ukutani, na hakuzungumza nami tena mpaka nilipoondoka.

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Kidogo tu.

2 Aprili

Mzizi mmoja mfupi umelainika. Mama Vyungu alinionya: ukiona hivyo kata upesi, usingoje huruma. Nilimwambia Baba mapema, sitaki kificho tena. Nilihitaji mtu wa kushika. Alikuja akaushika mmea kwa mkono wa kushoto, vidole vyake vikubwa vya fundi vikiwa vyepesi kuliko vyangu, nami nikakata. Akaniuliza nawezaje kujua kwamba imeona kiu. Nikamwonyesha mizizi ndani ya kopo: ikiwa ya kijani, iache, ikiwa ya majivu na kopo ni jepesi mkononi, ndipo unaipa. Na maji yasituame pale majani yanapokutana, hapo panaoza haraka kuliko mizizi.

Alisikiliza kama anavyosikiliza mtambo, kichwa pembeni. Kisha nikamwambia leo ni siku yake, aizamishe yeye.

Akaiweka chini polepole. Akasema yeye hataitia maji tena maisha yake.

5 Aprili

Kopo ni jepesi, mizizi ni ya majivu. Nilimwachia makusudi tangu juzi, nione. Anapita jikoni, anaitazama, anapita. Nikainywesha mimi. Huyu mtu nitamwachaje na mmea usiotakiwa kuzidishiwa wala kusahauliwa?

6 Aprili

Kizunguzungu alipoamka. Midomo imemkauka. Nimeandika kwa ajili ya daktari.

9 Aprili

Baba ameanguka tena.

Ilikuwa saa tano asubuhi, kwenye korido. Nilisikia kishindo, nikamkuta amekaa chini, mgongo ukutani, macho yapo wazi lakini hayanioni. Hakuumia. Jirani fundi rangi akaja na viatu vyake vya kazini, tukamshusha ngazi tukiwa tumemwinua kama kabati.

Hospitalini walimwekea dripu. Daktari alikuwa msichana mdogo, mkali kidogo. Alinivuta pembeni akaniuliza huyu mzee anakunywa nini kwa siku. Nikasema chai, maji. Akauliza kiasi gani. Nikafungua mdomo na kugundua kwamba mimi, niliyekuwa nahesabu vijiko vya Mama, sijui. Daktari akasema amekauka, tena si kwa siku moja. Vipimo vinaonyesha figo zimeanza kulalamika. Akasema huenda hata lile anguko la Machi halikuwa la ngazi kulowa.

Nikakumbuka chupa iliyo kando ya kitanda chake. Ya plastiki, ya lita moja, ina mstari wa kalamu. Naifuta vumbi kila siku tangu nilipofika. Nilidhani ni ya dawa.

Nilikaa kando ya kitanda, tukitazama matone yakishuka kwenye mpira. Nikamuuliza tangu lini. Hakujifanya haelewi.

"Tangu tulipomzika. Lita moja, na chai humo humo. Nilitaka nijue ilikuwaje kwake." Akafikiri kidogo. "Mpaka ulipoisema ile habari ya ua. Baada ya hapo nikapunguza."

"Na umejua?"

"Ni vibaya sana, mama," akasema. "Ni vibaya kuliko mkono."

Wamemlaza mpaka kesho.

10 Aprili

Tumerudi. Nitaandika yote.

Nilimkalisha jikoni. Nikajaza glasi nikaiweka mbele yake. Hakuigusa. Aliniambia nisimwonee huruma, amefanya alichofanya, na kama nina hasira ananielewa, afadhali hasira kuliko kufungwa vifungo vya shati na mtu aliyenyamaza.

Nikamwambia nilikuwa na hasira, kweli, wiki nzima. Kisha nikamweleza habari ya pamba. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilimweleza jinsi Mama alivyoifyonza, alivyogeukia ukuta, na neno alilosema. Nikamwambia, wewe unalia kwa sababu ulimpa, mimi nalia kwa sababu nilimnyima, na kati yetu wawili wewe ndiye uliyeshukuriwa naye. Na kwamba nimekuwa nikimwonea wivu. Nilisema hivyo, wivu, na nikaona aibu, lakini lilikuwa limekwisha kutoka.

Mvua ilikuwa ikipiga dirishani. Baba aliposema hakunitazama, alitazama glasi.

"Siku ile ya kwanza alipomaliza kunywa, aliniambia, mtoto usimwambie. Yule anahesabu vijiko kwa sababu hataki nife. Akijua nimekunywa ataona kazi yake yote imekwenda bure."

Nikamuuliza kama Mama alikuwa amenikasirikia.

"Akukasirikie? Alikuwa anaogopa umfumanie," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa nikaona kitu kama tabasamu. "Alinituma niioshe ile glasi mara mbili. Nikamuuliza, na wewe je, huogopi yatakayokupata? Akasema anajua yatakayompata. Akasema, lakini nina kiu."

Nililia, sitaandika kwa muda gani. Baba alinyoosha mkono wake mzima akanishika utosi, kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara. Hakusema nyamaza. Nilipoinua uso glasi ilikuwa tupu.

Nikaijaza tena.

14 Aprili

Maji lita mbili. Anayalalamikia, anasema anazunguka chooni kama mlinzi wa zamu. Nimemwambia daktari amefurahi.

17 Aprili

Leo ameniambia jinsi walivyokutana. Nilijua kwamba ilikuwa kazini, sikujua mengine. Lifti ilikwama na Mama ndani, dakika arobaini, naye Baba akiwa nje anahangaika na mlango. Alikuwa akizungumza naye ili asiogope. Mama akamjibu kwamba yeye haogopi, ila kama fundi anaogopa waendelee tu kuzungumza.

Amenieleza mara mbili. Mara ya pili nilicheka kuliko ya kwanza.

21 Aprili

Mzizi mrefu una ncha mpya, ya kijani inayong'aa. Nilimwita Baba, akaja. Alitafuta miwani, akainama mpaka pua ikagusa kopo. Alirudi kuitazama mara nne, nilihesabu.

22 Aprili

Mvua imepungua. Rejesta ya kumi.

26 Aprili

Asubuhi nilimkuta jikoni ameinua kopo kwa mkono wa kushoto, analipima uzito. Alikuwa hajanisikia. Alilishusha, akawasha taa ili aone mizizi, akalizungusha. Kisha akachukua beseni.

Nilirudi nyuma koridoni nikasimama pale. Nilisikia maji ya bomba, kidogo, halafu yakafungwa. Kimya kirefu. Nilikuwa nimeshika ukuta kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Baadaye nikasikia matone yakichuruzika kwenye sinki, moja moja, mpaka yakakoma, na kopo kuwekwa dirishani.

Nilipoingia alikuwa akifuta meza. Nikamuuliza ameamkaje. Akasema vizuri.

30 Aprili

Plasta imetolewa. Mkono umekonda, ngozi inabambuka. Anafungua na kufunga vidole kama mtu anayejaribu glavu mpya. Muuguzi wa wodi ya moyo alikuja kumsalimia. Walizungumza peke yao kwenye benchi karibu robo saa. Sikuuliza. Baba alitoka pale akitembea polepole, lakini wima.

3 Mei

Nilipita kwa Mama Vyungu kumshukuru. Alitaka kujua imebakiwa na mizizi mingapi. Nikasema miwili, na ncha mpya mbili. Akasema isitegemewe kutoa maua mwaka huu, labda hata mwakani. Sasa hivi inajijenga, isisumbuliwe. Nikamwambia baba yangu ndiye anayeihudumia. Aliinua macho kutoka kwenye miche yake. Akauliza kama sasa anajua. Nikasema anajua kuliko mimi, mimi nimeshawahi kuichelewesha siku tatu naye akanigombeza.

5 Mei

Jua siku nzima. Rejesta zote kumi na moja zimekwenda. Meza ya chakula imekuwa meza tena, Baba anasema sasa mwangwi umerudi.

7 Mei

Nimefungasha. Kesho asubuhi narudi kwangu.

Tulikula mapema. Aliosha vyombo mwenyewe, mkono wa kulia ukifanya kazi ya kushika tu, na hakutaka nisaidie. Baadaye alikuja mlangoni mwa chumba akasimama akiangalia masanduku. Akaniuliza kama naweza kupita Jumapili, maana lile jani jipya linalochomoza katikati hana hakika nalo, na kuhusu kupanguza majani kwa kitambaa kibichi angependa nimwonyeshe tena.

Nilimwambia jani linaendelea vizuri, na kupanguza nilimwona akipanguza jana, wala hakukosea hata kidogo. Nikasema, Baba, hayo yote unayajua.

"Najua," akasema. "Njoo tu."